Nani aliikataa Beatles? Kesi ya demo ya 1962

Kila Januari mosi ikifika, wapenzi wa muziki wa zamani hufufua kesi ileile: nani hasa aliyeikataa Beatles? Siku hiyo mwaka 1962, vijana wanne wa Liverpool waliingia studio za kampuni ya santuri ya Decca, West Hampstead, London, kurekodi nyimbo za majaribio. Enzi hizo Mwaka Mpya haukuwa sikukuu ya serikali England, kwa hiyo studio ilikuwa kazini.

Siku moja kabla, walibanana na vyombo vyao garini, dereva akiwa Neil Aspinall. Theluji ilikuwa inaanguka, wakapotea njia, safari ikala saa 10 hivi. Meneja wao, Brian Epstein, alikwenda kwa treni. Walirekodi nyimbo 15. Tatu tu ndizo walizotunga wenyewe, John Lennon na Paul McCartney.

Tusidanganyane: kipaji pekee hakikuwafungulia mlango. Familia ya Epstein ilikuwa na maduka ya NEMS, wateja wakubwa wa santuri za Decca. Nani angemfungia mlango mteja wa namna hiyo?

Jibu likaja: hapana. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Katika kitabu chake cha 1964, Epstein anadai wakubwa wa Decca walimwambia kuwa makundi ya magitaa yamepitwa na wakati. Dick Rowe, msaka vipaji mkuu wa kampuni, alikana kauli hiyo hadi alipofariki mwaka 1986. Kwa maelezo yake, prodyuza Mike Smith alitakiwa achague kundi moja kati ya mawili, akawachukua Brian Poole and the Tremeloes, wa Dagenham, jirani na London. Mimi namwelewa Rowe. Hao Tremeloes nao walipiga magitaa, sasa yamepitwaje na wakati?

Epstein hakukaa kulia. Alizipeleka tepu kwenye duka la HMV, Oxford Street, zihamishiwe kwenye santuri. Fundi akavutiwa, akampeleka kwa Sid Colman, mchapishaji wa muziki aliyekuwa jengo hilohilo, na habari ikamfikia George Martin, prodyuza wa lebo ya Parlophone. Wimbo wa Beatles "Love Me Do" ulitoka Oktoba 5, 1962. Rowe naye, mwaka uliofuata, aliwasaini Rolling Stones baada ya kudokezwa na George Harrison, mmoja wa aliowakosa.

Baada ya tepu, demo zikaja kwa kaseti, CD, barua pepe. Leo kijana wa Mbagala anatuma wimbo kwa simu, anangoja miezi, kimya. Lebo kubwa duniani nyingi hazigusi kazi isiyoletwa na mtu wanayemfahamu, na zetu zimeiga tabia hiyo haraka kuliko zilivyoiga kulipa mirabaha. Decca walikosea, lakini waliwapa vijana wale muda wa studio, wakawapa na jibu. Wenye lebo wa Dar es Salaam na Nairobi, wajibuni hawa watoto, hata kama jibu ni hapana.