Mawasiliano Kazini katika Miradi ya Wanyamapori, Uvuvi na Utalii Mkoani Tabora

Mawasiliano kazini ni upashanaji wa taarifa baina ya watumishi, viongozi na wananchi wanaotekeleza jukumu la pamoja. Katika miradi ya wanyamapori, uvuvi na utalii, taarifa hutoka porini au mtoni, hupitia ofisi za kijiji na wilaya, kisha humrudia mwananchi ikiwa uamuzi. Ikichelewa au kupungua njiani, anayeumia ni mwananchi.

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ina ushahidi wa kale wa jambo hilo. Hapo ndipo lilipo Tembe la Livingstone, alimokaa Dkt. David Livingstone pamoja na Henry Morton Stanley mwaka 1872. Mfuko wa barua za Livingstone uliofungwa Zanzibar Novemba 1870 ulikwama Unyanyembe, ukamfikia Ujiji mwaka mmoja baadaye, Stanley alipoupeleka.

Hivi leo, tembo wakiharibu mazao, mkulima huomba kifuta jasho. Mtu akijeruhiwa au kuuawa na mnyamapori, hutolewa kifuta machozi. Malipo hayo yanaongozwa na kanuni za mwaka 2011, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na hutegemea uthibitisho wa tukio. Taarifa isemayo tu kwamba "tembo wameharibu mazao" haitoshi. Inapaswa kutaja tarehe, kijiji, mwenye shamba, aina ya zao na ukubwa wa eneo lililoharibiwa.

Matangazo nayo yanahitaji ukamilifu. Mwaka 2019 Pori la Akiba Ugalla lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa. Hadhi ikibadilika, masharti ya kuvua samaki na kurina asali hubadilika pia. Tangazo la namna hiyo litaje mpaka, tarehe ya kuanza, shughuli inayozuiwa na ofisi ya kuuliza. Lisomwe katika mkutano wa kijiji, lifafanuliwe kwa Kinyamwezi inapohitajika, na maswali yaandikwe katika muhtasari.

Kwa upande wa utalii, mwongoza wageni atenganishe historia iliyothibitishwa na masimulizi.

Mtumishi asiye na jibu aandike swali, aseme siku atakayolijibu, na arudi siku hiyo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi.