Mfinyanzi na Jina Lake

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Yeye awafinyangiaye watu vyungu vizima, mwenyewe hupakulia chakula chake katika kigae. Tukiitazama historia ya sanaa, twaona kuwa mfinyanzi hakunyimwa chombo tu, bali na jina pia. Na kwa kuwa katika makabila mengi ya nchi yetu ufinyanzi ni kazi ya wanawake, aliyenyimwa ni mwanamke.

Sababu yake ni mizani iliyotumika. Walioandika juu ya sanaa zetu waliuona mpingo wa Wamakonde, uliochongwa na wanaume, wakauita sanaa, na baadhi ya wachongaji wakaandikwa kwa majina. Chungu kilichojengwa kwa mkono pasipo gurudumu, kikatiwa nakshi na kuchomwa kwa kuni na majani makavu, kiliitwa chombo cha jikoni. Lakini jicho lililokadiria uduara wake ni jicho la msanii.

Jambo hili si letu peke yetu. Wachina, walioshirikiana nasi kuijenga reli ya TAZARA ipitayo hapa Ifakara kati ya mwaka 1970 na 1975, walikuwa na Guan Daosheng (1262–1319), mwanamke aliyesifika kwa kuchora mianzi. Mfalme aliamuru maandishi ya mkono wake yahifadhiwe pamoja na ya mumewe, Zhao Mengfu, na ya mwanawe. Lakini huyo alikuwa mke wa ofisa mkubwa. Wanawake wangapi wa zama zake walifuma na kutarizi, wasiandikwe popote?

Kwa jirani zetu yuko Reinata Sadimba, Mmakonde wa Msumbiji aliyezaliwa mwaka 1945. Alianza kwa kufinyanga vyombo kama wanawake wenziwe. Katika miaka ya 1970 akafinyanga sanamu za watu. Aliishi Tanzania miaka kadhaa, akarejea kwao mwaka 1992, na kazi zake zikaonyeshwa hata ng'ambo. Udongo ulikuwa ule ule wa mama zake. Wao hawakuulizwa majina.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili tuutafute urithi wetu. Basi, sisi wa Lipangalala na kwingineko tuanzie darasani. Mwanafunzi aletapo chungu au mkeka, mwalimu amwandikishe jina la aliyeutengeneza, kijiji chake na mwaka. Karatasi hiyo ndogo itamfaa mwanahistoria wa kesho, wala haitagharimu kitu.