Daftari na Gurudumu

Mwanadamu hakuanza jana kutaka kujua umbali aliokwenda. Siku hizi mpanda baisikeli wa Rujewa, katika nchi tambarare ya Usangu, aweza kuitia simu mfukoni nayo ikamwandikia njia, mwendo na saa. Lakini simu huishiwa chaji, na kumbukumbu zake aghalabu hutunzwa katika mitambo ya makampuni ya mbali, ambayo mwenye safari hana amri juu yake. Kwa hiyo, kuandika safari pasipo simu si jambo la ufukara tu. Ndani yake mna swali la nani amilikiye habari ya njia, na Usangu imekwisha kulijua swali hilo kwa muda mrefu.

Katika karne ya 19 misafara ya bara ilipima umbali kwa siku za mwendo na kwa vituo. Simulizi za Waswahili alizozikusanya Carl Velten na kuzichapisha mwaka 1901, kwa jina la Safari za Wasuaheli, zatunza mwendo wa namna hiyo. Kipimo hicho hakikuwa cha kijinga. Msafiri aliyeambiwa kwamba maji yapo mwendo wa siku mbili alipata habari iliyomfaa kuliko hesabu ya maili, kwa kuwa ndani ya siku hizo mlikuwa na jua, mzigo na mlima.

Mwaka 1877 Mwingereza James Frederic Elton alipita Usangu, akafika kwa mtemi Merere wakati wa vita vya Wahehe na Wasangu. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo alifariki katika Ugogo. Maandishi yake hayakufa naye, kwani mwenzake wa safari, H. B. Cotterill, aliyatengeneza, yakatoka kitabu London mwaka 1879. Hapo nguvu ya daftari yaonekana: mkono ulikwisha, safari ikabaki.

Wajerumani walipotawala, maofisa na wasafiri wao walitembea na saa, dira na daftari. Dira ilionyesha upande, saa ikaonyesha muda. Umbali ukapatikana kwa kuzidisha muda huo kwa mwendo uliokisiwa. Karatasi zilipelekwa Berlin, ambako Paul Sprigade na Max Moisel walikuwa miongoni mwa wachoraji wa ramani ya nchi kwa kipimo cha 1:300,000. Wenyeji walioonyesha vivuko na kutaja majina ya mito hawakuwa na nakala ya kazi hiyo. Miguu ilikuwa yao, ramani ikawa ya wengine.

Gurudumu liliondoa kukisia. Vitruvius, fundi wa Kirumi wa kabla ya Kristo, alieleza gari ambalo gurudumu lake likizunguka mara 400 hutimiza maili, na hapo kijiwe huanguka chomboni. Mwaka 1895 Mmarekani Curtis Veeder aliipa baisikeli kihesabio kidogo: kipini kilichofungwa kwenye spoku hugonga kigurudumu chenye meno kila mzunguko, na tarakimu husogea.

Wala ufundi huo haujapitwa na wakati. Mwaka 1961 Mwingereza John Jewell alieleza namna ya kupima njia za mbio kwa baisikeli, na tangu mwaka 1971 kihesabio cha Alan Jones kimeifanya kazi hiyo kuwa nyepesi. Njia ya marathoni ya New York iliyokimbiwa mwaka 1981 ilipopimwa upya, ilionekana kupungua mita 148 hivi, na rekodi ya dunia ya Alberto Salazar ikatanguka. Ndiyo maana ushindi wa Mtanzania Juma Ikangaa katika mji huohuo mwaka 1989, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, una uzito: muda wa mkimbiaji hauna maana ikiwa njia yenyewe haina uhakika.

Maarifa hayo yamo katika uwezo wa kila mwenye baisikeli. Aitie tairi alama ya chaki, apande, kwa maana uzito wake huikandamiza tairi, aende mizunguko 10 kwa mstari ulionyoka, kisha apime kwa futi ya kamba. Akipata mita 22 na sentimita 20, kila mzunguko ni mita 2.22, na mizunguko 450 hivi hutimiza kilometa moja. Asiye na kihesabio aweza kuhesabu pedali katika tambarare: meno 48 mbele na 20 nyuma huzungusha gurudumu mara 2.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwenye miteremko ya kuelekea Chimala hesabu hiyo humtupa, maana huko gurudumu huenda na miguu imetulia.

Hatimaye huja daftari: tarehe, saa ya kuondoka na ya kufika, hali ya njia, na majina ya mahali kama wenyeji wayatajavyo. Mashine haijui kwamba kivuko fulani hakipitiki masika, wala kwa nini kijiji kiliitwa hivyo. Mpanda baisikeli aandikapo hayo kwa mkono wake, nakala ya kwanza ya njia za Usangu hubaki Usangu.