Presha na Vidonge Vyake

Kipimo cha presha kilitangulia dawa zake kwa miaka mingi. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Turin alibuni mkanda wa kufunga kwenye mkono na kujazwa hewa, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov, daktari wa upasuaji wa Kirusi, akaeleza sauti zinazosikika kwenye mshipa hewa hiyo inapopunguzwa. Namba mbili anazoandika nesi leo, kwa mfano 120 juu ya 80, zinatokana na kazi ya hao wawili. Kwa karibu nusu karne madaktari walikaa na namba bila tiba. Baadhi yao hata hawakuona haja ya tiba: waliamini kwamba mishipa ikishakakamaa moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu ili damu ifike kwenye figo na ubongo, kwa hiyo kushusha presha ni kumdhuru mgonjwa.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Rais Franklin Roosevelt wa Marekani. Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, alimpima akapata 186 juu ya 108. Alichoweza kumpa ni dawa ya kuupa moyo nguvu, dawa ya kutuliza, mapumziko na chakula chenye chumvi kidogo. Tarehe 12 Aprili 1945, huko Warm Springs, Georgia, rais alikuwa ameketi akichorwa picha aliposema kichwa kinamuuma vibaya, kisha akazimia. Bruenn alipopima, namba ya juu ilikuwa imepita 300 na ya chini ilikuwa 190. Roosevelt alikufa siku hiyohiyo, damu ikiwa imevujia kwenye ubongo. Mkuu wa nchi tajiri hakukosa daktari wala fedha. Dawa yenyewe ndiyo haikuwepo.

Tiba zilizokuwepo zilikuwa za kukatisha tamaa. Walter Kempner wa Chuo Kikuu cha Duke aliwalisha wagonjwa wali usio na chumvi, matunda na sukari. Presha ilishuka kwa walioweza kuvumilia mlo huo. Wengine walipasuliwa na kukatwa neva zilizo kando ya uti wa mgongo. Kisha ikaja heksamethoniamu, iliyochunguzwa London na William Paton na Eleanor Zaimis mwaka 1948. Ilishusha presha kweli, lakini kwa kuzima neva zinazoendesha mwili mzima bila mtu kujua: mgonjwa akisimama anaanguka, macho yanaona ukungu, mdomo unakauka, choo kinafunga, mkojo unakataa kutoka. Aliyekaribia kufa kwa presha kali alikubali taabu hiyo. Lakini wenye presha wengi hujisikia wazima, na kwao ugonjwa hauumi. Dawa ndiyo iliyouma.

Dawa iliyovumilika ilitoka kwenye mzizi. Nchini India, mizizi ya Rauvolfia serpentina ilitumiwa na waganga wa Ayurveda kwa karne nyingi kutuliza wenye wazimu na kutibu walioumwa na nyoka. Mwaka 1931 Gananath Sen na Kartick Chandra Bose waliandika kwamba inashusha presha pia, lakini Ulaya haikujali hadi mwaka 1949, pale Rustom Jal Vakil wa Bombay alipochapisha matokeo ya wagonjwa wake katika jarida la Uingereza. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, wakatenga kiini chake, reserpini. Mahitaji yalipopanda, mizizi ya jamaa yake wa Afrika, Rauvolfia vomitoria, ilichimbwa katika misitu ya Kongo. (Jamaa mwingine, Rauvolfia caffra, ndio msesewe ambao Wachaga hutia magome yake kwenye pombe yao ya mbege ili ipate uchungu. Hilo halifanyi mbege kuwa dawa ya presha.) Reserpini ilikuwa rahisi na ya kumeza, ila iliziba pua, ilileta usingizi, na kwa dozi kubwa baadhi ya wagonjwa walizama katika huzuni nzito. Baadaye ndipo ilipobainika kuwa robo ya miligramu kwa siku, au hata pungufu, inatosha.

Kosa hilo la kuanza na dozi kubwa lilijirudia. Klorothiazidi, iliyotengenezwa na kundi la Karl Beyer katika kampuni ya Merck na kuuzwa kuanzia mwaka 1958, huzifanya figo zitoe chumvi na maji kwenye mkojo. Ndugu yake, haidroklorothiazidi, kwa miaka mingi ilitolewa hadi miligramu 100 kwa siku. Dozi hiyo ilikausha potasiamu mwilini, misuli ikalegea na mapigo ya moyo yakaweza kuvurugika, ilhali presha haikushuka zaidi sana kuliko kwa dozi ndogo. Leo kawaida ni miligramu 12.5 hadi 25.

Hata hivyo, hakuna aliyekuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba kushusha presha kunaokoa maisha. Edward Freis alifanya hivyo katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani. Wanaume 143, ambao namba yao ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129, waligawanywa: 73 walipewa haidroklorothiazidi, reserpini na haidralazini kwa pamoja, na 70 walipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967. Madhara makubwa yalitokea mara 27 kwa wasiotibiwa na mara 2 tu kwa waliotibiwa.

Dawa nyingine ya presha, propranololi, iliyobuniwa na James Black miaka ya 1960, ilifundisha mambo mawili: haimfai mwenye pumu, na kuiacha ghafla kunaweza kuushtua moyo.

Kaptoprili ilianzia kwenye sumu ya jararaka, nyoka wa Brazili ambaye akimng'ata mtu presha huporomoka. Sérgio Ferreira alipeleka dondoo la sumu hiyo London kwa John Vane, na mwaka 1975 David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb wakaunda kidonge kinachoiga kazi yake. Dozi za mwanzo zilikuwa kubwa mno. Watu walipoteza ladha ya chakula na kutokwa na vipele. Zilipopunguzwa, shida hizo zilipungua pia, ila dawa za kundi hili bado huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Losatani, iliyoingia sokoni mwaka 1995, haiwaletei wengi kikohozi hicho. Zote mbili ni mwiko kwa mjamzito, kwa kuwa huharibu figo za mtoto tumboni. Ndiyo maana methildopa, dawa ya zamani, bado hutumika kwenye kliniki za wajawazito. Pia diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kwa ajili ya mgongo au magoti, hupandisha presha, na zikimezwa pamoja na dawa hizi zinaweza kuumiza figo.

Funzo kali kuliko yote lilitokana na nifedipini. Hospitalini iliwahi kuwa desturi kumtobolea mgonjwa kapsuli na kumwekea dawa chini ya ulimi ili presha ishuke haraka. Ilishuka, na kwa wengine ilishuka kupita kiasi: ubongo na moyo vilivyozoea presha kubwa vilikosa damu, wakapata kiharusi au shambulio la moyo. Mwaka 1996 madaktari walitaka desturi hiyo ikomeshwe. Amlodipini, jamaa yake inayofanya kazi polepole na kudumu siku nzima, ndiyo iliyoenea.

Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa CREOLE, uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa wagonjwa 728 Weusi. Amlodipini ikichanganywa na haidroklorothiazidi au na perindoprili, dawa ya kundi la kaptoprili, ilishusha presha kuliko mchanganyiko wa hizo mbili bila amlodipini. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu vidonge vyenye dawa mbili za presha ndani ya kimoja, ambavyo huwezesha dozi ya kila dawa kubaki ndogo na mgonjwa kumeza mara moja kwa siku.