Makaburi Yasiyo na Majina

Leo twapenda kuwaeleza habari za kiwanja kimoja cha makaburi katika mji wa London, mahali paitwapo Bunhill Fields. Mahali hapo pana viwanja viwili, navyo vimetengwa na njia. Katika kile kikubwa amezikwa John Bunyan, aliyetunga Safari ya Msafiri, na mawe yenye majina ni mengi. Habari zetu ni za kile cha pili, ambacho wamelala watu wapatao 12,000, na karibu majina yao yote hayaonekani juu ya ardhi.

Watu hao ni Marafiki. Adui zao waliwaita Wakweka, maana yake watetemekao, na jina hilo likawakaa hata leo. Chama chao kilianza Uingereza katikati ya karne ya 17, na kiongozi wao alikuwa George Fox, mwana wa mfumaji nguo. Walikataa kula kiapo, walikataa kuvua kofia mbele ya wakubwa, na walikataa kutoa zaka kwa kanisa la serikali. Kwa ajili ya hayo walipigwa, wakanyang'anywa mali, wakatiwa gerezani kwa maelfu.

Basi, mtu aliyelikataa kanisa hilo akiwa hai, azikwe wapi akifa? Viwanja vya makaburi vilikuwa mikononi mwa kanisa, na ibada ya maziko ilikuwa ya mapadre wake. Kwa hiyo mwaka 1661 Marafiki wa London walinunua kipande cha ardhi hapo Bunhill, nacho kilikuwa ardhi ya kwanza waliyoimiliki. Haikupita muda mrefu wakakihitaji sana. Mwaka 1663 alizikwa humo Edward Burrough, mhubiri wao kijana, aliyefia katika gereza la Newgate. Mwaka 1665 tauni kubwa ikaingia London, na Marafiki zaidi ya 1,000 wakazikwa humo. Mwezi wa Januari 1691 akaletwa George Fox mwenyewe, akisindikizwa na umati mkubwa wa watu.

Hapo ndipo ionekanapo desturi yao. Marafiki waliamini ya kuwa watu wote ni sawa mbele ya Mungu, tajiri na maskini, bwana na mtumishi. Wakauliza: Je, usawa huo wakoma kaburini? Mwaka 1717 mkutano wao mkuu ukaonya ya kuwa kujenga nguzo na mawe ya fahari juu ya makaburi ni desturi isiyofaa, na yaliyokwisha kujengwa yaondolewe. Hata mwaka 1850 ndipo waliporuhusu mawe madogo, yafananayo yote, yenye jina, umri na tarehe tu.

Lakini msidhani ya kuwa walisahau wafu wao. Waliandika kila kifo na kila maziko katika vitabu, kwa uangalifu mkubwa. Karibu na mwaka 1840 vitabu vyao vilikabidhiwa kwa serikali, na hata leo vimehifadhiwa, na watu huvisoma wakitafuta habari za wazee wao. Mawe mengi ya matajiri wa siku zile yamelika kwa mvua hata hayasomeki, bali jina la mtumishi maskini lasomeka bado katika kitabu.

Kiwanja kilifungwa mwaka 1855. Baadaye sehemu yake ilichukuliwa ili kupanua barabara, na kwa fedha zilizopatikana ikajengwa nyumba kubwa ya ibada na mafundisho. Katika vita kuu ya pili mabomu yaliibomoa nyumba hiyo, ikabaki nyumba ndogo ya mtunzaji peke yake, na humo Marafiki hukutana kwa ibada. Mahali pa makaburi pamekuwa bustani ya watu wote, watoto hucheza humo na wazee hupumzika chini ya miti.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna jirani zetu wa imani hiyo, kwa maana Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, katika nchi ya Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Na hata asiye wa imani yao aweza kujifunza neno hili: jiwe hukumbusha fahari ya mwenye mali, lakini kitabu kilichotunzwa vizuri hukumbuka kila mtu. Katika vijiji vyetu, ni nani aandikaye majina ya wazee wetu kabla hawajasahauliwa?