Risasi ya 7.9: Mjerumani au Mwingereza?

Wengi wetu tuna jamaa waliorithi risasi za vita vya 1914 hadi 1918, na siku hizi mtu akiwa na kalipa anapima, anaingia intaneti, kisha anatangaza nani alimpiga babu yake. Mimi naona tunaharakisha mno.

Jina la bunduki si upana wa risasi. Mtutu hutobolewa kwanza, halafu ndani yake huchongwa mifereji, na risasi hujaa mpaka ndani ya mifereji hiyo. Lee-Enfield ya Mwingereza huitwa 303, yaani milimita 7.7, lakini risasi yake ni kama 7.9. Mauser ya Mjerumani huitwa 7.9, na risasi yake ni 8.2. Umeuona mtego? Ukipata 7.9 kwenye kalipa, usikimbilie kumtaja Mjerumani! Ile Mauser ya 1871, waliyokuwa nayo askari wake wengi vita vilipoanza, haikosewi: imezidi milimita 11, na moshi wake ulikuwa ukimchongea mpigaji alipojificha.

Risasi iliyogonga mfupa hubonyea, basi tazama pia mikwaruzo ubavuni. Lee-Enfield huacha mitano inayopinda kushoto, Mauser minne inayopinda kulia. Kuna mzee wa ukoo wetu, mpagazi wa Waingereza, aliyetolewa risasi pajani mwaka 1918 huko Msumbiji. Nyumbani imesemwa miaka yote kwamba ni ya Mjerumani. Nimeipima mwenyewe: 7.9, mikwaruzo mitano, kushoto.

Je, alipigwa na wenzake? Hapo ndo pagumu. Askari wa Lettow-Vorbeck waliteka bunduki za Waingereza Tanga, Novemba 1914, na za Wareno Ngomano, Novemba 1917. Walipoweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Kwa hiyo risasi ile inaitaja bunduki, haimtaji aliyeishika, na kwa mwaka 1918 mimi namwelekea zaidi askari wa Mjerumani mwenye bunduki ya kuteka. Ingekuwa Tanga 1914, ningesema vingine.

Tafadhali, mwenye risasi kama hiyo asiisugue ing'are. Aandike mwaka na mahali ilikotoka, na kalipa aishike taratibu.