Mtawa wa Iten na Watoto wa Mbio

Iten ni mji mdogo uliokaa ukingoni mwa Bonde la Kerio, katika nchi ya Wakeiyo na Wamarakwet, juu ya mwinuko wa mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi hata mgeni wa pwani huanza kuhema kabla hajamaliza kupanda kilima kimoja. Huko, mwaka 1976, alifika mtawa kijana kutoka Ireland, Bradha Colm O'Connell, kwa kusudi la kusomesha jiografia katika Shule ya Mtakatifu Patrick. Na katika riadha, fani ambayo baadaye ilimpatia sifa duniani, hakuwa na elimu wala tajiriba. Aliyekuwa akiwafundisha wavulana mbio ni Mwingereza Peter Foster, nduguye Brendan Foster aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya Montreal mwaka uo huo. Peter alipoondoka, kazi ikamwangukia mtawa.

Aghalabu mwalimu hujiona kisima, na wanafunzi ndoo. Bradha Colm, kwa kuwa hakujua, alilazimika kutazama na kuuliza: jinsi mtoto anavyokanyaga ardhi, anavyoyalegeza mabega, anavyopumua akiwa amechoka, akajifunza ukufunzi kutoka kwa wale wale aliopewa awafunze. Naamini ndimo ilimozaliwa furaha asiyoitarajia, maana aliyekuja kwa muda mfupi alikaa umri mzima. Alitanguliza mwendo wa taratibu na ukamilifu wa mwili kabla ya kasi, subira ambayo ni adimu mno katika shule zinazotamani vikombe.

Matunda yake yanajulikana. Ibrahim Hussein, aliyesoma shuleni hapo, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987. Peter Rono akatwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 21. Na Matthew Birir akashinda mbio za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka 1992. Mkimbiaji wake mwingine, David Rudisha, aliikosa Olimpiki ya mwaka 2008 kwa sababu ya jeraha, akatolewa katika nusu fainali ya mashindano ya dunia mjini Berlin mwaka 2009, na mwalimu wake hakumharakisha. Mwaka 2012, mjini London, akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao hakuna binadamu aliyewahi kuufikia kabla yake.

Lakini moyo wangu unaelekea zaidi kwenye kambi za likizo alizozianzisha mwaka 1989, kwa kuwa humo wasichana nao waliitwa, ambao shule ile ya wavulana haikuwa na nafasi yao. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mjini Osaka mwaka 2007, alinolewa na mtawa huyo. Na kwa mlango huo aliowafungulia mabinti, kambi zile naziweka mbele ya medali zote za wavulana.